Lango Lililofunguliwa Mapema

"Elfu thelathini hizi ni zangu!" Njambi mpishi alipiga meza ya jikoni kwa mwiko. "Nani mwingine aliyewapokonya wageni sahani mikononi?"

"Na nani aliyefunga lango?" akajibu Karuga, mlinzi.

"Baada ya kulifungua wewe mwenyewe, mzee!" Nafula, mhudumu wa meza, akaangua kicheko.

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni ile ya juzi, mashamba ya kahawa Kiambu yalipoanza kuota hoteli, palikuwa na hoteli moja yenye ukumbi wa mikutano na bustani. Jumamosi moja familia ya msichana ikakodi bustani hiyo ipokee mahari. Upande wa mvulana ukaja kwa magari kutoka Nairobi.

Sasa, wageni wa mahari hawaingii hivi hivi. Akina shangazi wa msichana hufunga lango, wageni huimba nje mpaka makoo yakauke, ndipo wafunguliwe. Lakini Karuga ni mlinzi wa hoteli: akiona gari, hupiga saluti na lango likafunguka. Wageni wakaingia, wakaketi, wakapakuliwa.

Shangazi mkubwa akabeba mkoba wake. "Twendeni zetu. Hawa wamekuja kula chakula cha mchana, hawakuja kutaka msichana." Msichana akaanza kulia.

Njambi akatoka jikoni mbio. Akazichukua sahani zote, hata ya baba wa mvulana, aliyekuwa amekwisha kuuma mfupa. "Weka chini, mzee. Wewe hujafika bado." Shangazi akacheka bila kutaka. Akaketi.

Karuga akawatoa wageni wote nje, akatia kufuli. Mara mwenye hoteli akafika, akapiga honi. "Hata wewe, bosi," Karuga akamwambia, "imba."

Lakini wale wa Nairobi hawakujua wimbo hata mmoja. Nafula, Mluhya wa Bungoma aliyejifunza nyimbo za Wakikuyu kwa kuhudumia mahari za watu, akaacha trei yake, akatoka kwa mlango mdogo, akawafundisha mstari kwa mstari. Bosi naye akaimba. Akina shangazi wakaitikia. Lango likafunguliwa, mahari ikapokewa.

Jioni baba wa mvulana akaleta jikoni bahasha ya shilingi elfu thelathini. "Ni ya mmoja tu, yule aliyenipatia mkaza mwana. Msigawane."

Pesa hizo zingemlipia Njambi kodi ya kibanda cha chakula, apikie vyungu vyake mwenyewe. Lakini hilo hakulitaja. Alitaja haki.

"Bila mimi, shangazi angekuwa kwake saa hii!"

"Bila mimi," akasema Karuga, "wangeoa wakiwa wameketi kama wateja."

"Na bila mimi," akasema Nafula, "wangekuwa nje mpaka sasa, na bosi pamoja nao!"

Njambi akawatazama hawa wawili, watu wa kunywa naye chai kila alfajiri. Aliwapenda. Mkono wake haukutoka juu ya bahasha.

Je, nani alistahili? Usiniambie wagawane; mwenye pesa amekataa. Usiniambie wote ni wema; hilo nalijua. Taja jina moja, mtu apewe chake.