Jua Haligombwi, Hupishwa

"Jua haligombwi, hupishwa." Vijana waliambiwa hivyo walipotaka kwenda shambani adhuhuri, wakamuuliza Bibi Esha maneno hayo yalitoka wapi. Akawaketisha barazani, akawaambia chanzo chake ni hiki.

Mwinchande alikuwa amemposa Somoe, binti wa Mzee Nandonde. Siku ya harusi ilikaribia, ikabaki nyumba tu. Paa lilikuwa limeezekwa, lakini kuta zilikuwa bado hazijakandikwa. Mwaka ule joto lilikuwa kali hata kuku walishinda uvunguni wakitweta. Watu walifanya kazi alfajiri, jua likipanda wanaingia vivulini.

Siku hiyo wakwe walikuwa waje jioni kuitazama nyumba, na Mwinchande aliona haya wakute fito tupu. Wenzake walipomwita kivulini, akawajibu, "Pumzikeni nyinyi msiooa."

Akaendelea kukandika peke yake, kichwa wazi, hata maji ya kunywa asiyakumbuke. Baadaye jasho likamkauka, kichwa kikamgonga, ukuta ukawa unacheza machoni pake. Somoe, aliyeleta maji, alimkuta akiubishia hodi ukuta.

"Unamwita nani?"

"Mwenye nyumba. Haitiki."

"Mwenye nyumba ni wewe," alisema Somoe, na hapo hapo Mwinchande akaanguka.

Somoe akaita watu. Wakambeba hadi kivulini, wakamvua shati. Somoe akalowesha kanga yake akamfunika, wengine wakampepea kwa nyungo na kummwagia maji mpaka mwili ukapoa. Alipozinduka na kujua aliko, ndipo wakamnywesha maji kidogo kidogo.

Mzee Nandonde alipofika, Mwinchande aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, baba. Nyumba sijaimaliza."

"Nyumba itakandikwa. Wewe ungekufa, mwanangu angeolewa na ukuta?" Wote wakacheka, hata mgonjwa. "Jua haligombwi, mwanangu. Ni kama mkubwa uliyekutana naye njiani. Unampisha, akishapita unaendelea na safari yako."

Jua lilipopunga, mashemeji wakajifunga vibwebwe, wakaingia udongoni kwa nyimbo. Mwinchande akakalishwa mkekani, na kila alipotaka kuinuka mama mkwe alimtazama tu, akarudi chini.

Harusi ilichezwa kuta zikiwa bado mbichi, na wachezaji walirudi makwao na udongo migongoni. Tangu hapo, kila anayeng'ang'ania kazi jua la utosi huambiwa: Jua haligombwi, hupishwa.