Kiti cha Mjomba Famau

Nyamazeni kidogo, na anayetaka kubisha abishe mwishoni. Haya nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe, maana nilikuwamo ndani ya treni hiyohiyo, Berlin kwenda Bonn, na treni za Ulaya nimezipanda mpaka viti vyake vinanijua mgongo.

Palikuwa na ndugu watatu, watoto wa mama mmoja. Mwanakheri alijaliwa sikio: ukinong'ona Kijerumani nyumba ya pili, yeye anakutafsiria. Shebwana alijaliwa miguu: akitumwa chumvi, anarudi kabla hujamaliza kumtuma. Hidaya alijaliwa ulimi: angeweza kumsimamisha mtu anayekimbilia choo, na mtu huyo akamshukuru.

Na palikuwa na mjomba wao, Mzee Famau wa Faza, aliyepandishwa ndege kwa jambo moja tu. Twaiba, binti wa marehemu kaka yake, alikuwa anaolewa Bonn adhuhuri ya siku hiyo, na alikwisha apa: asipoozwa na ami yake kwa kinywa chake, si kwa simu wala kwa wakili, basi harusi haipo.

Kwa heshima, wale watatu wakamkatia mjomba daraja la kwanza, wao wakakaa la pili. Mtu mzima habanwi na masanduku ya watu. Simu yake wakabaki nayo waichaji. Chakula wakakubaliana watampelekea, maana kwao mkubwa haachwi akala peke yake.

Basi mzee akakaa behewa la mwisho kabisa, kwenye kiti kinachommeza mtu, wala hakutulia. Alimsalimu jirani; jirani akatabasamu, akaziba masikio na vidude vyake vya muziki. Akakunja mguu, akaukunjua. Akachungulia dirishani: ng'ombe, mnara, ng'ombe. Akawaza watoto wanacheka nini huko mbele. Alitamani kuwafuata, lakini utaikimbiaje heshima uliyopewa? Akabaki anachezea tasbihi na kutazama saa.

Treni ikasimama stesheni ya katikati. Huko mbele likatoka tangazo la kukwaruza, abiria wengine hata vichwa hawakuinua. Mwanakheri akalidaka: treni inakatwa vipande viwili hapahapa. Cha mbele kinakwenda Bonn, cha nyuma kinapinda kwingine, na baina yake hakuna mlango wa kupitia.

"Mjomba anapotea," akasema.

Shebwana alikwisha ruka. Akalikata jukwaa lote, anapangua watu na mabegi, mpaka behewa la mwisho. Mzee akakataa kuinuka. Alisema tiketi yake ni ya kiti hiki, na mama yao amemwonya asihamehame nchi za watu.

"Mjomba, kiti hiki hakiendi kwa Twaiba."

Akambeba mgongoni, kanzu, kofia na tasbihi yake.

Hidaya naye alisimama mlangoni kule mbele na hotipoti, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kondakta akaja na filimbi. Hidaya akamweleza habari za Twaiba, akamweleza pilau ya Faza na kwa nini bizari isizidi, yote kwa Kiswahili kitupu, kisha akamtia sambusa mkononi. Sambusa ya moto, mtu ataiacha? Na mdomo uliojaa haupigi filimbi. Mzee akasukumwa ndani, mlango ukajifunga.

Adhuhuri Mzee Famau akamwoza Twaiba kwa kinywa chake. Hata mimi, niliyezoea harusi, nilijifuta uso.

Siku ya kurudi, wote wanne wamesimama jukwaani Bonn, mzee akatoa tiketi yake. Alisema yeye haketi tena penye watu wasioitikia salamu. Atabanana daraja la pili. Kiti chake ni cha yule aliyemfikisha kwa Twaiba.

"Bila sikio langu," akasema Mwanakheri, "saa hizi ungekuwa unaulizia njia ya Faza kwa ng'ombe."

"Sikio ndilo lililombeba?" akauliza Shebwana. "Mgongo wangu mpaka leo unalia."

"Ungembeba ukampeleka wapi, na treni imeondoka?" akasema Hidaya. "Mimi ndiye niliyeishika, jamani."

Kisha wote watatu wakanyamaza kwa adabu, wakamwangalia mjomba. Mzee akasimama kama aliyekanyaga siafu. Akimpa mmoja, wawili watanuna mpaka Berlin. Na huyo mmoja, zawadi yake ni kwenda kukaa kule alikokaa yeye, na ng'ombe wa dirishani. Lakini kila mmoja anakitaka, na treni hiyo, inaingia.

Je, wewe ungekuwa Mzee Famau, tiketi ungemkabidhi nani? Amueni upesi, milango haingoji.

Na kwa kuwa mmenikodolea macho, nakiri moja: hilo la kunyamaza kwa adabu nimelitunga. Walizozana mpaka njiwa wa stesheni wakahama.