Barua Isiyoungua

Alikuwako Sultani Maamuni bin Hilali, mtawala wa mji wa Darini, na katika hazina aliyorithi kwa babu yake mlikuwa na pete ya shaba, na kila aliyeivaa alitumikiwa na jini aliyeitwa Sharkashi. Jini huyo alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwafunga wauaji, kwa maana Darini hapakuwa na kitanzi wala upanga: muuaji aliketishwa katika ua wa nyuma wa kasri, na Sharkashi akamgusa nyayo, na tangu hapo mwili ukageuka jiwe polepole, kutoka miguuni kwenda juu, na jiwe likifika moyoni hukumu imekwisha. Kazi ya pili ilikuwa kupokea barua za kuwaombea msamaha. Barua hiyo hakuruhusiwa kuiandika ila mfiwa, na alipewa nafasi ya barua tatu. Jini aliiweka juu ya kiganja chake, na kama ndani yake mna uongo, hata uongo wa heshima, iliungua papo hapo. Barua nyingi ziliungua.

Katika mji huo aliishi mjane, Bi Tufaha, mwalimu wa chuo cha Kurani, na mwanawe wa pekee, Nasibu, alimposa Raihani, binti wa Khelefu mchonga milango. Siku ya harusi Nasibu alikwenda kwa mkwewe na watu wake, na kama ilivyokuwa desturi ya Darini, baba wa bibi harusi alisimama mlangoni ameshika komeo akamzuia, nao wakataniana, kwa kuwa mlango haukufunguliwa mpaka baba acheke. Khelefu alisema bwana harusi ana miguu ya korongo, na watu wakacheka.

Nasibu akajibu, "Fungua, mzee. Mkeo alikimbilia kaburini kwa kuchoka kuisikia sauti yako."

Watu wakacheka zaidi. Mke wa Khelefu alikuwa amezikwa mwanzoni mwa mwaka huo. Khelefu hakucheka. Alilinyanyua komeo akampiga nalo kichwani, na Nasibu akaanguka kizingitini, na hakuinuka.

Mbele ya kadhi mashahidi walisema Khelefu alipiga bila sababu. Hawakutaka kumsema marehemu, na Khelefu mwenyewe, kwa haya, hakulitaja neno lile. Akapelekwa uani, na Sharkashi akamgusa.

Baada ya matanga Raihani alihamia kwa Bi Tufaha, akawa anateka maji na kufagia, na jioni walikaa pamoja wakamlia Nasibu. Jina la Khelefu halikutajwa katika nyumba ile, ingawa kila mchana binti alimpelekea uji. Siku moja alirudi na bakuli limejaa.

"Jiwe limefika kifuani, mama," alisema. "Hawezi kumeza."

Bi Tufaha alikuwa akichambua mchele, na hakuinua uso. "Wataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu. Nakwambia kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia."

Bi Tufaha aliendelea kuchambua mpaka mchele ukaisha, kisha akaagiza wino.

Aliandika kama walivyoandika wengine, kwamba amemsamehe Khelefu kwa moyo mkunjufu, akaipeleka barua kasrini, nayo ikaungua kabla jini hajafumba kiganja. Karani wa kasri akamwonea huruma, akamwandikia ya pili kwa maneno ya kibarazani, kwamba Khelefu ni mtu mpole asiyepata kumdhuru kiumbe, na kwamba komeo lilimponyoka. Hiyo ilitoa moto mkubwa, na karani akarudi nyuma akizishika ndevu zake.

Sultani akamshauri mjane aende nyumbani apumzike, kwa kuwa imebaki barua moja.

"Kwa idhini yako, Maulana, nitaiandika hapahapa," alijibu Bi Tufaha. "Nikifika nyumbani nitaipamba."

Akaketi sakafuni akaandika, na alipomaliza Sultani akaamuru isomwe, na Sharkashi akaisoma mbele ya baraza:

"Mimi ni Tufaha, mama wa Nasibu. Sijamsamehe Khelefu, na sidhani nitamsamehe. Alikusudia kupiga, na alimuua mwanangu. Lakini kadhi hakuambiwa yote. Mwanangu alimtukania mkewe aliyekufa, mbele ya watu, na mimi nilikuwa nyuma yake nikacheka. Hakustahili kufa kwa neno lile. Naomba Khelefu atolewe kwa ajili ya binti yake. Ni yeye peke yake anayemlia mwanangu pamoja nami, na sitaki alie vilio viwili. Sina sababu nyingine."

Watu walikitazama kiganja cha jini. Sharkashi aliikunja barua akampa Sultani.

"Haina moto, Maulana," alisema.

Mashahidi wakaitwa tena, wakakiri, na Sultani akautia muhuri msamaha. Jini akamgusa Khelefu mara ya pili, na jiwe likarudi kuwa nyama, isipokuwa mkono wa kulia, uliobaki jiwe mpaka kufa kwake. Na tangu siku hiyo karani wa Darini aliwaambia wafiwa wote waliokuja na wino: usiandike umesamehe ikiwa hujasamehe, andika unachokijua, na unachokiomba.

Sultani alimtunuku Bi Tufaha nyumba na shamba la mitende, naye akampa Raihani vyote. Eda ya huzuni ilipopita, Harithi, mpwa wa Sultani, aliyeisikia barua siku ile barazani, alikuja kwa Bi Tufaha kuposa.

"Binti huyu ana baba," Bi Tufaha alimwambia. "Nenda kwake."

Siku ya harusi Khelefu alisimama mlangoni kama desturi, na komeo halikuwapo, na mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi. Harithi akapita na watu wake, na hapakuwa na mzaha. Wakafuata wanawake. Wa mwisho alikuwa Bi Tufaha, amebeba chetezo cha udi, na alipofika kizingitini alisimama, akakitazama kwa muda mrefu. Khelefu alikuwa bado katikati ya mlango, hakujua aende wapi.

"Sogea," Bi Tufaha alimwambia. "Nipite."

Akasogea, naye akapita.