Fundi Shamte na Kasri la Mchanga

Haya, sogeeni, hasa nyinyi msiofundishika. Zimwi la ufukweni lilimwambia fundi Shamte, "Nijengee kasri la mchanga. Likianguka mara tatu, nakumeza."

Shamte akarundika mchanga mkavu. Kasri likaporomoka.

Bi Mize, mfinyanzi wa vyungu, akamwambia, "Mwanangu, lowesha kwanza, halafu ushindilie."

Shamte akasonya. "Nifundishwe na mfinyanga vyungu?" Akarundika mkavu. Likaporomoka.

Bi Mize akamletea ndoo ya maji. Bwana mkubwa akaipiga teke, akarundika mkavu uleule. Zimwi likalitazama tu, kasri likaporomoka.

Zimwi likambugia, likatafuna, likatema. "Ptuu! Huyu hata kulika haliki!"

Shamte yu hai mpaka leo. Ana alama za meno mgongoni, na anawaambia watu kwamba zimwi lile halijui ujenzi.