Kwa Nini Ugonjwa wa Juani Haupimwi Kivulini

Ugonjwa wa juani haupimwi kivulini. Ndivyo alivyosema shangazi yenu leo kwenye kikao cha kuwasuluhisha Nuru na mumewe, nanyi mkatazamana mkidhani anazungumzia homa. Kaeni niwaambie neno hili lilikotoka, maana halikutoka kwa mganga wala kwa daktari. Lilitoka gereji, kule Korogwe.

Palikuwa na dereva aitwaye Hoza, aliyeendesha gari la zahanati ya masista, la kuwateremsha wajawazito kutoka milimani hadi hospitali ya mjini. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake. Wanawake wa kule juu walimwita mkunga wa barabarani, naye alijifanya hapendi, lakini alipenda sana.

Siku moja ya kiangazi, alipokuwa akisubiri lango la hospitali lifunguliwe, injini ilinguruma yenyewe, ikatulia, ikanguruma tena, na gari likaruka mbele. Lilivunja benchi ambalo bibi mmoja alikuwa ameinuka punde tu. Hakuna aliyeumia. Lakini watu walikuwapo, na kwa macho yao walimwona dereva aliyekanyaga mafuta badala ya breki. Hoza akaapa kwamba mguu wake haukugusa mafuta. Nani amwamini? Hata mwizi huapa.

Sista Fortunata, mkuu wa zahanati, alikuwa mtu wa haki. Akamwambia, "Twende kwa Fundi Mhando. Akilikuta gari bovu, utaendelea na kazi. Akilikuta zima, utanikabidhi ufunguo hapo hapo. Siwezi kuwapandisha wazazi kwenye gari la mtu asiyejua mguu wake uko wapi."

Mhando huyo alikuwa fundi wa kweli, ila alikuwa na mwiko wake. Alitambua ubovu wa gari kwa sikio, kwa hiyo kila aliyeingia kwake alizima kwanza redio, feni na kiyoyozi, kisha akaegesha chini ya banda penye ubaridi. "Gari husikilizwa kimya," alipenda kusema, na mji mzima ulimheshimu kwa hilo. Hoza naye alizima kila kitu langoni, kama adabu ya pale ilivyotaka.

Mhando akafunua boneti, akatega sikio. Injini ilinong'ona sawasawa. Akasikiliza tena. Kisha akamtazama Hoza kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Hoza kuliko tusi.

"Gari zima," akasema.

Sista akanyoosha mkono. Hoza akaingia garini kuchomoa ufunguo. Jasho lilikuwa likimtiririka, na kwa mazoea tu kidole chake kikaenda kwenye swichi ya kiyoyozi. Kikasimama hapo hapo.

"Fundi," akasema polepole, "siku ile nilikuwa na mzazi ndani, amelowa jasho. Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi."

"Hapa kwangu hakiwashwi."

"Najua, mzee wangu. Ndiyo maana naomba tulitoe nje, juani, liwe kama lilivyokuwa. Nawe ukae kwenye usukani, mimi nisiliguse."

"Unanifundisha kazi, Hoza?"

"Sikufundishi. Nakuomba, kabla sijavuliwa kazi yangu."

Mhando akakunja uso, lakini akalitoa. Jua lilikuwa la utosi. Hoza akageuka, akamwona Sista amesimama mbele ya gari, mikono kifuani, amechoka kungoja.

"Sista, usisimame hapo."

"Maneno yako yamekuwa mengi."

Hoza akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu, akamvuta pembeni. Mhando alikuwa ameweka mguu juu ya breki bila kuikandamiza sana. Akatia gia ya otomatiki, akawasha kiyoyozi. Injini ikazama kana kwamba inataka kuzimika, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena kwa kishindo. Gari likaruka na kulibonda pipa la maji lililokuwa nyuma ya pale aliposimama Sista.

Maji yalimfikia Sista miguuni. Mhando akazima injini, akashuka, akaitazama miguu yake mwenyewe. Baadaye alifungua akakuta vali inayoipa injini hewa gari linaposimama imeshikwa na masizi. Kiyoyozi kilipoongeza mzigo, vali ilikwama, kisha ikafunguka kupita kiasi. Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule alimgeukia Hoza tu.

"Nisamehe, mdogo wangu. Ugonjwa wa juani haupimwi kivulini."

Sista hakutaja tena habari za ufunguo.

Basi leo mume wa Nuru alikaa kikaoni ametulia kama maji ya mtungi, akiitikia "naam" kwa kila mzee, nasi tukamtazama Nuru kana kwamba amemsingizia. Ni shangazi yenu peke yake aliyeuliza mtu huyu huwaje nyumbani kwake, mlango ukishafungwa. Nuru akaanza kulia. Sasa mnajua kwa nini jioni hii amelala kwetu, na kwa nini hatutamrudisha. Ugonjwa wa juani, wanangu, haupimwi kivulini.