Cheti cha Mama Nuria

Mtu akivaa nguo ya mwenziwe huenda akapendeza barabarani, ila hatembei kwa raha. Anavuta huku, anafunika kule, maana hajui itapasukia wapi. Ndiyo maana wazee walisema, bila kuona haya, kwamba nguo ya kuazima haistiri matako.

Kijiji kimoja cha Itaka kilikuwa na mwanamke aitwaye Gwantwa Kibona, mzaliwa wa milima ya Ileje. Kwa miaka minne alifundisha darasa la pili kwa kujitolea, na wazazi wakimshukuru kwa debe la mahindi. Mtoto aliyeingia kwake hajui a wala u, alitoka anasoma hadi maandishi ya mfuko wa mbolea. Lakini chuo cha ualimu Gwantwa hakukikanyaga. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne tu.

Mwaka huo likaja tangazo. Walimu wa kujitolea watapewa mkataba, ila kila mmoja alete cheti cha ualimu. Asiye nacho alete barua ya kukubaliwa chuoni, naye atafundisha huku akisoma wakati wa likizo.

"Njia yako ni hiyo ya barua," mwalimu mkuu, Watson, alimwambia. "Fomu ninazo mezani. Jaza leo, mama."

"Nikakae dawati moja na wasichana rika la mwanangu? Wakinizidi alama je?"

"Wakikuzidi, utawapigia makofi."

Gwantwa akacheka, lakini fomu hakuichukua.

Jumamosi alipanda gari hadi Tunduma, kwa binti wa baba yake mkubwa. Wawili hao walipewa jina la bibi yao mmoja, kama ilivyo desturi ya kwao, na ukoo wao ni mmoja, kwa hiyo wote ni Gwantwa Kibona. Huyu mkubwa alisomea ualimu, ila alipoolewa na Abdulrahim, mwenye malori, aliacha kazi akauza vitenge mpakani. Watu wakamzoea kwa jina la Mama Nuria.

"Dada, niazime cheti chako. Jina ni letu sote, nani atajua?"

"Kichukue! Mimi na chaki tulishaachana kwa talaka tatu."

Gwantwa alirudi moyo mweupe kama pamba.

Siku ya ukaguzi, walimu walipanga foleni katika ofisi ya elimu. Mkaguzi, Bi Fortunata, alikipokea cheti, akaingiza namba yake kwenye kompyuta. Akamtazama Gwantwa, akatazama kioo, akamtazama tena.

"Mwalimu, unafundisha wapi?"

"Itaka."

"Na Mbangala?"

"Mbangala? Hata kufika sijafika."

"Mbona cheti hiki kinafundisha Mbangala tangu mwaka juzi?"

Bi Fortunata akapiga simu kwa mkuu wa shule ya Mbangala, akaongeza sauti ili wote wasikie.

"Gwantwa Kibona? Yupo, bibi, hapa nje na wanafunzi. Ngoja nikupe."

Kisha ikaja sauti ya mwanamke, changamfu kabisa: "Halo! Gwantwa Kibona hapa, nani mwenzangu?"

Gwantwa alihisi kama mtu anayesikia tanzia yake mwenyewe ikisomwa. Na sauti ile aliijua! Ndiyo iliyoongoza vigelegele kwenye harusi ya Mama Nuria. Ilikuwa ya Zakia, dada yake Abdulrahim.

"Zakia?" Neno lilimponyoka.

Simu ikakatika. Kumbe lile vazi Mama Nuria alikwisha kumwazima wifi yake, na aliyetangulia alikuwa bado amelivaa!

Gwantwa alikiri yote. Wote wawili, yeye na Zakia, wakaandikwa: wasifundishe shule yoyote ya umma, hata kwa kujitolea. Mama Nuria naye akaitwa ajieleze.

"Ilikuwa barua tu, mama," Mwalimu Watson alimwambia mlangoni mwa ofisi yake, machozi yakimlengalenga. "Barua tu!"

Jumatatu Gwantwa alipita njia ya shuleni akielekea shambani, jembe begani. Darasa la pili halikuwa na mwalimu. Watoto walikuwa wakijisomesha wenyewe ubaoni, mstari uleule, wakikosea palepale. Alisimama. Kinywa kilifunguka kuwasahihisha, akakumbuka, akakifunga. Akaondoka upesi, kwani ruhusa hakuwa nayo tena, akiwa ameamini kwa aibu yake mwenyewe kwamba nguo ya kuazima haistiri matako.