Chafya Iliyopotea Barazani kwa Sultani Zahoro

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko visima vya maji matamu, mwanamke mmoja jina lake Mashavu alikuwa uani kwake katika mji wa Mtondoo, akikamua shuka. Watoto wake wote walikuwa na mafua, na kila shuka aliyoianika ilifuatwa na nyingine chafu, kwa hiyo hakuwa na hamu ya kusikia habari za mtu. Lakini habari hazingoji mtu amalize kufua. Akaingia jirani yake, Bi Kirembo, anahema, kanga moja imebaki mkononi.

"Mashavu wee! Mumeo amekamatwa."

"Amefanya nini?"

"Hakufanya kitu."

"Basi wamemkamatia nini?"

"Ndilo kosa lenyewe! Sultani kapiga chafya, watu wote wakasema ile dua, mumeo kanyamaza kimya. Wanasema jua likichwa atakatwa ulimi."

Mashavu akaiacha shuka ikaanguka ndani ya beseni.

Sultani Zahoro, mwenye nchi hiyo, alikuwa na afya ya ng'ombe na hofu ya kuku. Waziri wake, Sefudini, alimfundisha kwamba mtu apigapo chafya roho yake hutoka puani kwenda kutazama dunia, wala hairudi mpaka iitwe kwa dua. Waziri hakusema aliyajulia wapi mambo hayo, wala hakuulizwa, maana mawaziri hawaulizwi. Basi ikawa sheria: kila asikiaye chafya ya Sultani aache alichoshika, asimame, aseme kwa sauti, "Mungu airudishe roho yako, Mungu auzidishe umri wako, ewe jua la nchi yetu." Wapishi wakaunguza wali. Mkunga mmoja wa hapo jirani aliacha kazi katikati, mtoto akajizalia mwenyewe. Ama roho za watu wengine, hazikuwa na sheria. Hamali akipiga chafya aliambiwa asogee mbali. Roho yake ikirudi, irudi, isiporudi, shauri yake.

Na Pandu, mume wa Mashavu, alikuwa fundi wa kuwamba vitanda kwa kamba, tena mtu asiye na dini. Hakuwa na ugomvi na msikiti wala na mzimu. Hakwenda kokote, basi. Na tabu ya mtu asiye na dini ni kwamba huyachukua maneno ya dini kwa uzito kuliko wengi walio nayo. Watu wa baraza waliisema dua ile huku wakifikiria chakula cha mchana. Pandu hakuiamini, akaona kuisema ni uongo. Mkewe hakuwa na nafasi ya kuwa na dini wala ya kuikosa; alikuwa na watoto wanne.

Mjini walimwita Mashavu mjinga, kwa sababu alifanya aliloambiwa kama lilivyosemwa. Tajiri mmoja wa kike aliwahi kumwambia, "Hebu nitazamie maziwa mpaka yachemke." Akayatazama, yakachemka, yakafurika, yakazima moto, naye anayatazama tu. Alipogombezwa akasema, "Kuepua hukuniambia." Tangu siku hiyo hakuna aliyemtuma tena kazi ya bure.

"Niangalilie watoto," akamwambia Bi Kirembo, akijifunga kanga.

"Nenda, mwanangu. Mimi nasali sala zote tano, na sijapata kuona Mungu akisaidiwa na askari."

Mashavu alipofika barazani alimkuta Pandu amekaa chini, mikono imefungwa kwa kamba ile ile aliyokuwa akiwambia kitanda cha Sultani. Fundo lilikuwa limefungwa vibaya, na usoni mwake ilionekana hilo nalo linamuudhi.

"Shikamoo, bwana Sultani," akasema Mashavu. "Nimekuja kumchukua mume wangu. Kama amekosa, atagombezwa nyumbani. Kazi hiyo naijua kuliko nyinyi."

Watu wakaguna. Sultani akasema, "Ewe mwanamke, mumeo ameiacha roho yangu nje."

Mashavu akamtazama toka kilemba hata viatu. "Naona imerudi, bwana."

"Imerudi kwa dua zetu sisi," akasema Waziri Sefudini.

"Basi zenu zilitosha. Yake ilitakiwa ya nini?"

Waziri akakohoa. "Imerudi, lakini haikurudi yote."

"Imebaki kiasi gani?"

Waziri akasema mambo hayo ni ya ndani, hayasemwi mbele ya mtu mwenye povu mikononi.

Sultani akamgeukia Pandu. "Nawe, kwa nini hukusema kama wenzio? Maneno yenyewe machache."

"Bwana," akajibu Pandu, "mimi simjui huyo ninayeambiwa nimwombe. Nikisema namwomba, ninakudanganya wewe, na wewe ndiye ninayekujua. Ungeniambia niseme 'Afya,' ningesema mpaka unichoke."

"'Afya' ni neno la watu wa sokoni," akasema Waziri.

"Nao ni wazima," akasema Mashavu.

Basi Sultani akaghadhibika, maana jibu la kweli humchoma mtu kuliko tusi. Akasema, "Sikilizeni hukumu. Chafya yangu ya asubuhi ilipita bila kutimiziwa dua. Na irudishwe hapa barazani, ile ile wala si nyingine, iombewe upya na wote waisikiao. Ikija kabla ya jua kuchwa, fundi huyu ataondoka na ulimi wake. Isipokuja, ulimi utabaki hapa, kwani ulimi usiotumika hauna kazi kinywani. Na wewe mwanamke, uliyejaa maneno, ndiwe utakayeileta."

Watu wa baraza wakacheka sana, maana ndiyo kazi waliyoandikiwa. Pandu akainamisha kichwa. Mashavu hakucheka wala hakulia. Alikuwa ameacha nguo majini, na kulia kungemchelewesha.

"Nirudishe chafya?"

"Naam."

"Ile ile?"

"Ile ile."

"Vyema. Kitu kikipotea hupigiwa mbiu. Naomba mpiga mbiu wa Sultani, na kila atakayekuja na chafya asizuiwe mlangoni."

"Apewe," akasema Sultani, akijifuta machozi ya kicheko.

"Na zikiletwa nyingi, nani ataijua iliyo ya Sultani?"

"Mimi mwenyewe. Mtu hashindwi kuijua mali yake."

"Na wakati Sultani anawaza kama ndiyo au siyo, tufanyeje? Isije ikawa ndiyo, ikapita tena bila dua, likawa kosa la pili." Akamgeukia Waziri kwa adabu kubwa. "Bwana Waziri, wewe ndiwe mwenye elimu yake. Chafya ya Sultani yaweza kungoja dua?"

Waziri akafurahi kuulizwa. "Haingoji hata kufumba na kufumbua."

"Basi kila itakayoletwa iombewe kwanza, itambuliwe baadaye."

"Naam," akasema Waziri, kisha uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekanyaga mwiba.

Haukupita muda pembe ikalia mitaani. "Enyi watu wa Mtondoo! Chafya ya Sultani imepotea! Ilitoka puani mwake leo asubuhi, wala haijulikani ilikokwenda. Mwenye kuhisi inamjia asiizuie! Aje nayo barazani!"

Na ilikuwa majira ya mafua.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee mmoja mnusa ugoro, jina lake Mzee Makungu, ambaye maisha yake yote hakupata kuingia mle ndani. Akatoa kikopo chake, akavuta kwa pua zote mbili, akapiga chafya iliyowaamsha njiwa wa darini. Watu wa baraza wakasimama, wakaanza, "Mungu airudishe roho yako..." Sultani akabaki ameketi.

"Sultani hasikii?" akauliza Mashavu.

"Nasikia sana!"

"Sheria yasema kila asikiaye."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama mkeka. Ikawa hapana budi, Sultani Zahoro akasimama, akasema kwa sauti mbele ya mnusa ugoro, "Mungu airudishe roho yako, Mungu auzidishe umri wako, ewe jua la nchi yetu."

"Ahsante, mwanangu," akasema Mzee Makungu. "Ndiyo yenyewe?"

"Siyo!"

"Basi ngoja, inakuja nyingine."

Baada yake waliingia mahamali wa ghala ya pilipili manga, ambao walikuja kundi zima na vumbi lao, na hao hawakuhitaji ugoro. Huyu hajamaliza, yule anaanza. Watu wa baraza wakasimama, wakaketi, wakasimama, mpaka wakaona kuketi ni kujisumbua. Hamali mmoja, aliyeambiwa asogee mbali miaka yake yote, alipoitwa jua la nchi yetu na Sultani mwenyewe, aliomba radhi, akatoka, akarudi na mama yake ili naye asikie. Wakaja watwanga tumbaku. Wakaja wauza unga. Akaja bibi mmoja asiye na chafya kabisa, akakaa mbele, akasema atangoja.

Sultani angeweza kuwafukuza wote. Lakini kuwafukuza ni kukubali kwamba roho haikutoka, na kama roho haikutoka, Pandu hana kosa, na Sultani ameshinda nusu siku akiwaombea mahamali bure. Mtu mkubwa akipotea njia huona afadhali aendelee kupotea. Basi akaendelea, sauti ikamkauka, kilemba kikamlegea, na mstari wa watu ulikuwa umetoka mlangoni umefika sokoni.

Jua likaanza kuinama. Mashavu akatazama dirishani, na kwa mara ya kwanza siku ile akalipima kwa vidole jua lililobaki, maana Sultani alikuwa mkaidi kuliko alivyomkadiria. Ndipo akaingia Bi Kirembo na wale watoto wanne, Machano, Subeti, Vuai na mdogo wao Mize, pua zao zote zinachuruzika.

"Umesema niwaangalie," akamwambia Mashavu. "Nawaangalia hapa. Kule nyumbani nimebaki peke yangu, mtaa wote umehamia huku."

Mize alipomwona baba yake chini, akamkimbilia, na kabla ya kumfikia akapiga chafya. Baraza zima likasimama kwa kuugulia magoti, likaanza, "Mungu airudishe roho yako..." Pandu hakusema neno. Akainua mikono yake iliyofungwa, akashika pindo la kanzu yake, akamfuta mtoto kamasi, taratibu, pande zote mbili.

Sultani akaona. Dua ikamwishia njiani, akajipangusa masharubu yake kwa kiganja, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kujipangusia.

Wakati huo huo pale mlangoni pakasikika kwato.

"Yule punda ni wa nani?" akauliza Sultani, na sauti yake ilikuwa kama mlango mbovu.

"Wa muuza maji, bwana," akasema askari. "Naye ana mafua. Tuliambiwa tusizuie."

"Punda hana sehemu katika jambo hili!" akasema Waziri Sefudini.

"Bwana Waziri," akasema Mashavu, "wewe ndiwe uliyesema kuna roho ya Sultani iliyobaki nje. Una hakika haikuingia mle?"

Waziri akapiga hesabu. Kusema imo hawezi. Kusema haimo, ataulizwa imo wapi. Watu wote wakamtazama punda. Punda akainua mdomo wa juu, akaonyesha meno, akaanza kuvuta pumzi.

"Imerudi!" akapiga kelele Sultani. "Ya huyu mtoto! Ya huyu mtoto ndiyo yangu, nimeitambua! Mfungueni fundi!"

"Sultani ana hakika?" akauliza Mashavu. "Kuna watu wametoka mbali."

"Nina hakika kuliko siku niliyooa!"

Askari wakamfungua Pandu. Na punda, kwa kuwa chafya yake ilikuwa imeshafika puani, akapiga chafya hata watu wa mbele wakalowa. Sultani akamtazama Waziri.

"Sheria ni ya kila asikiaye," akasema Sultani. "Mimi masikio yamechoka, sikusikia. Wewe umesikia, Sefudini?"

Basi Waziri Sefudini akasimama peke yake mbele ya mji, akamwambia punda wa muuza maji, "Mungu airudishe roho yako, Mungu auzidishe umri wako, ewe jua la nchi yetu." Punda akageuza sikio moja. Hapo Sultani akacheka, na safari hii hakungoja watu wa baraza waanze. Akacheka mpaka akashika ubavu, akasema, "Nina wanaume barazani hata sijui idadi yao, wote huniitia roho, na hakuna hata mmoja aliyepata kunipa kitambaa." Akaamuru Mashavu apewe gunia la mchele na punda wa kulibeba. Mashavu akalifungua kwanza, akautazama kama una wadudu, kisha akashukuru.

Na sheria ile haikutajwa tena. Tangu hapo, mtu akipiga chafya Mtondoo, mwenye kutaka kumwombea Mungu alimwombea, na dua yake ilikuwa nzuri zaidi kwa kuwa hakuna aliyeishikia rungu. Mwenye kusema "Afya" alisema, na asiye na la kusema alitafuta kitambaa. Waziri hakuacha kazi; watu wa namna yake hawaachi.

Usiku ukaingia. Mashavu akapakua wali na mchuzi wa samaki kwenye sinia, akaita, kisha akawahesabu kwa kijiko kama kila siku: Machano, Subeti, Vuai, Mize, na Bi Kirembo aliyekuja kusikia habari alizokuwa amezishuhudia mwenyewe, na Pandu mwisho wa mkeka. Wote walikuwapo.

Pandu akatia tonge kinywani, akalitafuna, akalionja vizuri kwa ulimi wake wote.

"Chumvi imezidi," akasema.